Kaka na Mdogo Wake, Chumba Kimoja
Mdogo akishakua kidogo, wazazi humtoa chumbani kwao na kumhamishia kwa kaka yake. Tunaunga mkono. Huku Tabora si jambo geni: Wanyamwezi walikuwa na iwanza, nyumba ya wanaume ya kijiji. Burton, aliyefika na msafara mwaka 1857, aliieleza. Wanaume walikula, wakazungumza na hata kulala humo. Lakini siku hizi kaka huarifiwa usiku uleule, godoro likiwa tayari mlangoni! Tunaona aulizwe mapema, tena abakiziwe kilicho chake, walau sanduku la bati lenye kufuli. Sisi wa bwenini tunaijua thamani ya kufuli hiyo. Akiwa na pa kuweka daftari zake, kugawana chandarua hakutamkera sana. Na mdogo akishtuka usiku, wa kwanza kumsikia ni yeye.