Mwalimu wa wauguzi asivuke mpaka kwa ahadi ya mdomo

Mama anayevusha vitunguu pale Namanga anajua utaratibu. Mzigo usiozidi thamani ya Dola 2,000, ukiwa ni mazao ya nchi za Jumuiya na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani. Binti yake muuguzi, aliyeitwa kufundisha chuo cha ng'ambo, hana cheti cha namna hiyo. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania haimpi ruhusa ya kuhudumia mgonjwa Kenya. Lazima asajiliwe upya na baraza la huko.

Hilo liulizwe kabla ya mshahara. Kisha aulize ni kazi gani hasa anayopewa, maana ualimu wa uuguzi si mmoja.

Chuo kikuu kinataka shahada ya uzamili na kuendelea, na mhadhiri hupanda cheo kwa utafiti na machapisho. Apendaye wagonjwa kuliko makaratasi atachoka mapema. Chuo cha kati, kinachotoa cheti na stashahada, humweka mkufunzi darasani, kwenye chumba cha mazoezi na hospitalini.

Halafu yupo mkufunzi wa wodini, ambaye wengi humdharau kwa kuwa hana ofisi. Hawamtendei haki. Mwanafunzi hajifunzi kutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji kwa kusoma ubaoni. Hujifunza akiwa na mtu mzoefu begani mwake, saa nane usiku, mzazi amelala kitandani na damu haikatiki. Kwa muuguzi mwenye miaka kumi ya zamu, hii ndiyo kazi ya kuanzia.

Kazi ya muda, inayolipwa kwa saa, ndiyo inayovusha wengi mpaka. Chuo kikifunga, malipo husimama, pensheni hakuna. Wafanyabiashara wanaijua hali hiyo: ni kukopesha mali mteja ambaye duka lake liko nchi nyingine. Kwa aliye na ajira yake na anaishi karibu na mpaka, si mbaya. Kuacha kazi ya kudumu kwa ajili yake ni kamari.

Itifaki ya Soko la Pamoja imeanza kutumika tangu Julai 2010, na uhuru wa wafanyakazi kuvuka umo ndani yake. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walitangulia kupata mikataba ya kutambuana kitaaluma. Wauguzi hawakuwamo katika kundi hilo la mwanzo. Daktari wa ng'ombe alimtangulia mwalimu wa wakunga, na mabunge hayakupiga kelele.

Kwa sasa, mama wa vitunguu anayelipia nauli na ada za usajili ana haki ya kuuona mkataba wa binti yake: umeandikwa wa miaka mingapi, nani atalipia usajili wa baraza, na wanafunzi watapelekwa hospitali gani.