Ukoma na mishipa ya fahamu

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, mtu akisikia ukoma anafikiria ngozi tu. Baka lisilowasha tunalijua. Tusichokijua ni kwamba bakteria wake hujificha ndani ya mishipa ya fahamu: ya kiwiko, ya pembeni mwa goti, ya kifundo cha mguu. Mkono unakufa ganzi, mbangua korosho anaungua na moto asihisi.

Dawa mseto za ukoma ni bure, za miezi 6 au 12, na zinaponya. Lakini hata dozi ikishaisha, mwili unaweza kuendelea kupambana na mabaki ya bakteria waliokufa. Mishipa inavimba, mkono unalegea ndani ya siku chache. Huko si kurogwa, na mara nyingi wala si ugonjwa kurudi. Dawa ya prednisoloni ikianzishwa mapema inaweza kuuokoa mkono huo. Nawasihi wahudumu wetu wamweleze hivyo kila anayemaliza dozi: ukiona ganzi mpya, kiwiko kinauma au jicho halifumbi, nenda zahanati siku hiyohiyo, hata kama ni msimu wa korosho.