Bibi Akikukaribisha Kwenye Mahjong

Akina mama wenzetu wengi walioko Marekani wanafanya kazi ya kutunza wazee. Huko hukutana na mchezo wa mahjong, na pengine bibi mmoja huwaambia, "Tumepungua mmoja, njoo uketi nasi." Wengine hukataa wakidhani ni kamari tu, na bibi hubaki akitazama dirishani.

Mchezo wenyewe asili yake ni China. Wamarekani waliupokea katika miaka ya 1920, na mwaka 1937 kundi la akina mama wa New York, wengi wao Wayahudi, walianzisha National Mah Jongg League. Chama hicho hutoa kadi mpya kila mwaka, yenye mikono inayoruhusiwa kushinda. Ndiyo maana hata aliyecheza miaka hamsini bado ana la kujifunza.

Kete ni 152, zinafanana kidogo na za dhumna. Kama karata zilivyo na shupaza na kopa, hapa kuna bamu (mianzi), kraki (maandishi ya Kichina) na doti (miduara). Kila aina ina namba 1 hadi 9, na kila namba ina kete nne. Mwangalie bamu 1: huyo amechorwa ndege, na wageni wengi humdhania kuwa ua. Maua yenyewe ni manane. Pepo ni nne, za Mashariki, Kusini, Magharibi na Kaskazini, na majoka ni matatu: jekundu, la kijani na jeupe. Hilo jeupe mezani huitwa sopu, yaani sabuni, na hutumika pia kama sifuri. Pepo na majoka nayo yana kete nne nne. Mwisho ni jokari wanane.

Kete tatu zinazofanana ni pungi, nne ni kongi, tano ni kwinti. Jokari huweza kujaza nafasi katika makundi hayo, lakini kamwe si katika jozi wala kete moja. Kabla ya kuanza kuna Chalestoni: unatoa kete tatu usizozitaka kumpa wa kulia, kisha wa mbele yako, kisha wa kushoto. Jokari hapitishwi. Anayetimiza kete 14 kama kadi inavyosema hutamka "Mahjong!"

Kuhusu fedha, ni kweli kadi huweka thamani ya kila mkono kwa senti, na wapo wanaolipana. Mwambie bibi tangu mwanzo kuwa wewe utahesabu pointi tu. Wengi hawajali, wanachotaka ni mtu wa nne. Na kama uko zamu, mwombe msimamizi ruhusa kwanza.

Mzee ambaye vidole vimekakamaa msaidie kusimamisha kete kwenye kibao chake, ila usimchagulie ya kutupa, hata akikawia.