Safari ndefu za baiskeli zisimalizikie ndani ya lori



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya safari ndefu za baiskeli ambazo siku hizi zinaandaliwa mara kwa mara hapa nchini, nyingine kwa kuchangia shule au zahanati na nyingine, kama misafara ya kwenda Butiama, kwa kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Safari hizi sizipingi hata kidogo. Nimeshiriki kadhaa kwa Phoenix yangu yenye karia, na nitashiriki tena Mungu akinijalia. Ninachopinga ni desturi ya kumpa mtu cheti cha kilometa ambazo hakuziendesha.

Mwezi Agosti 2022 tulitoka Singida kwenda Dodoma, kiasi cha kilometa 240. Anayeijua njia hiyo kwa baiskeli anajua kuwa mwezi huo upepo unavuma kutoka mashariki na kukupiga usoni tangu asubuhi hadi jioni. Unakanyaga mteremkoni kama unapanda mlima. Tulitoka saa 10 alfajiri na wengi wetu tulifika Manyoni tukiwa bado na nguvu. Tulipokaribia Bahi, zikiwa zimebaki kilometa zaidi ya 50, gari la waandaaji likatusimamisha. Tukaambiwa tupakie baiskeli kwenye lori kwa sababu mgeni rasmi ameshafika uwanjani na hawezi kusubiri. Waliokataa waliambiwa wanaharibu ratiba. Basi tukapakiwa, wazima na wachovu pamoja, tukashushwa nje kidogo ya mji, tukaambiwa tupange mistari miwili tuingie tukipunga mikono. Risala ikasomwa kwamba tumeendesha Singida hadi Dodoma. Kila mmoja akapewa cheti.

Hivi kweli cheti hicho kinathibitisha nini? Kijana mmoja tuliyekuwa naye, anayeendesha baiskeli ya kubeba abiria Shinyanga, zile wanazoziita daladala, alikuwa na uwezo wa kufika Dodoma usiku ule bila msaada wa mtu. Alinyang'anywa safari yake. Na yule aliyepanda gari tangu Issuna akapata cheti kilekile.

Wenzetu walioanza mambo haya zamani wana utaratibu ambao naona ungetufaa, wala hauhitaji fedha nyingi. Huko Ufaransa kuna safari ya kutoka karibu na mji wa Paris hadi Brest, mji wa pwani ya magharibi, na kurudi. Ni kilometa 1,200 hivi, na vilima vyake havina idadi. Ilianza mwaka 1891 kama mashindano, na mshindi wa kwanza, Charles Terront, alikanyaga kwa muda wa siku tatu usiku na mchana. Tangu mwaka 1931 wakawekewa nafasi watu wa kawaida wasioshindana, chini ya chama kiitwacho Audax Club Parisien, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2023, na walijitokeza maelfu kutoka nchi nyingi.

Mpanda baiskeli anapewa kadi. Kila kituo anagongewa mhuri na kuandikiwa saa aliyofika. Muda mrefu kabisa unaoruhusiwa ni saa 90, kula na kulala humohumo, na wengi hulala sakafuni au kuinamia meza ya kulia chakula. Kati ya kituo na kituo hakuna gari la kukufuata. Msaada wa watu wako unaupata kituoni tu, na njiani pancha unaziba mwenyewe. Usiku lazima uwe na taa na kizibao kinachong'aa. Anayemaliza ndani ya muda jina lake linaandikwa, bila kutajwa wa kwanza wala wa mwisho. Anayechelewa haandikwi, awe nani.

Mwaka 2007 mvua na upepo viliwaandama njia nzima, na kati ya watu zaidi ya 5,000 walioanza, karibu watatu katika kila kumi hawakumaliza. Hakuna aliyewapakia kwenye lori ili wahesabiwe. Walirudi makwao wakijua walipofikia, na ndiyo maana cheti cha mwaka ule wenyewe wanakithamini sana. Nimesikia pia kuwa wanavijiji wa huko huweka meza nje ya nyumba zao, hata usiku wa manane, wakawapa wapita njia kahawa na chapati zao nyembamba bila malipo. Jambo hilo hata sisi tunalo. Pale Kintinku akina mama walitoka na ndoo za maji na uji, lakini msafara wetu ulipita na king'ora chake, tukabaki kuwapungia tu.

Najua watasema kuwa hatuwezi kuacha msafara wa magari kwa sababu mabasi na malori yatatumaliza. Hoja hiyo ina uzito, nami nimeshatupwa porini na basi zaidi ya mara moja. Lakini hatari hiyo mkulima anayepeleka mahindi sokoni anakutana nayo kila siku ya mwaka, na yeye hana gari la polisi mbele. Tukilazimishana taa na vizibao katika safari hizi, na trafiki wakakaa kwenye madaraja na njia panda badala ya kutuongoza kama maharusi, faida itabaki kwa wote wanaoitumia barabara ile baada ya sisi kupita.

Nashauri waandaaji waanze na kilometa 200. Kwa kanuni za hao Wafaransa muda wake ni saa 13 na nusu, yaani ukiondoka saa 11 alfajiri uwe umefika saa 12 na nusu jioni, jua likizama. Ni mwendo wa kilometa 15 kwa saa pamoja na kupumzika, ambao mtu mwenye Phoenix isiyo na mzigo anauweza akijizoeza. Asilazimishwe kununua baiskeli ya mamilioni. Na mgeni rasmi, kwa heshima zote, aalikwe asubuhi atuage, maana jioni hakuna ajuaye nani atafika saa ngapi. Mwaka 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu siku kadhaa kutoka Butiama hadi Mwanza. Sidhani kama tutamuenzi kwa kushushwa Nyakato.

Kama kuna chama cha baiskeli, Singida au Dodoma, kitakachokubali kujaribu utaratibu huu, mimi niko tayari kukaa kituo cha Manyoni kutwa nzima na mhuri, pampu na ndoo ya maji. Siku hiyo sitadai cheti.

Mpanda Phoenix,
Manyoni.