SADAKA YA MAAFA HUPITIA MLANGO GANI?





Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaifukia sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Majeruhi walipelekwa hata Babati, nje ya wilaya yao. Jeshi la Wananchi likaja kufukua njia na kutafuta miili. Madarasa yakageuzwa malazi ya waliobaki bila makao.

Wilaya iliyopigwa haiwezi kujihudumia peke yake, kwa kuwa watumishi wake nao wamefiwa na barabara zake zimezibwa. Ndiyo sababu wilaya jirani, mkoa na taifa hulazimika kuingia. Na ndiyo sababu sisi nasi, tulio mbali, hupitisha kapu kanisani.

Kapu hilo ndilo linalotusukuma kuandika leo.

Tulikumbuke tetemeko la ardhi la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Michango ilikusanywa nchi nzima. Waliotoa wengi walikuwa na picha moja moyoni: bibi kizee wa Bukoba aliyelala chini ya turubai. Januari 2017 Rais John Magufuli aliwaeleza wananchi wa huko kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, na kwamba fedha zitatumika kurudisha huduma za umma. Hatusemi kwamba sababu hiyo haikuwa na uzito. Shule za Ihungo na Nyakato zilikuwa zimeharibika vibaya, na shule ni ya watoto wa wote. Lakini jambo hilo lilipaswa kusemwa kabla ya kapu kupita, si baada yake. Mtoaji ana haki ya kujua anatoa kwa ajili ya nini, na aliyeharibikiwa ana haki ya kujua asitegemee nini, ili aanze mapema kutafuta miti na bati kwa njia nyingine.

Papa Pius wa XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alifundisha kwamba si haki chombo kikubwa kunyang'anya kazi ambayo chombo kidogo kinaweza kuitimiza. Kanuni hiyo, iitwayo kanuni ya auni, ina upande wa pili unaosahauliwa: kile kidogo nacho hakina budi kuwa hai. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Basi tujiulize kwa unyofu: ni wangapi kati yetu wanaowafahamu wajumbe wa kamati ya kijiji chao? Pale ambapo kamati ni majina tu ndani ya jalada, orodha ya walioathirika huandikwa na mgeni kwa haraka, na mjane asiye na mtu wa kumsemea huachwa nje. Jumuiya Ndogo Ndogo, ambayo husali nyumba kwa nyumba, inamjua mjane huyo kwa jina. Ujuzi huo mkoa hauna, wala taifa.

Hatushauri parokia zianzishe njia yao ya pembeni. Misaada ya milango miwili isiyozungumza humpa mmoja magodoro matatu na mwenzake akakosa hata moja. Na tusijidanganye, daftari za kanisani nazo zimewahi kuwa na kurasa zisizosomeka.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Halmashauri ya Walei, kabla ya mvua za masika, wamwendee Mtendaji wa kijiji au mtaa wao wakaulize mambo matatu: wajumbe wa kamati ya maafa ni akina nani, walikutana lini mara ya mwisho, na orodha ya kaya zenye wazee, wagonjwa na walemavu inatunzwa na nani. Majibu yaletwe kwa maandishi katika kikao cha parokia na kusomwa mbele ya waamini, hata kama jibu ni kwamba kamati haijawahi kukutana.