Neno la Mhariri: Nenosiri Lisifichwe

Gemu ya mpira inayochezwa zaidi kwenye simu za vijana wa Mpanda ina umri mkubwa kuliko jina lake. Faili linaloitwa "PES 2025 PPSSPP" si zao la kampuni ya Konami, mmiliki wa gemu ya PES, la mwaka huo. PES ya mwisho ambayo Konami iliitengenezea mashine ya PSP ilikuwa PES 2014, na Sony nayo ikasitisha utengenezaji wa PSP mwaka 2014. Kinachoishi hadi leo ni kazi ya mashabiki. Programu ya PPSSPP, iliyotolewa bure na Msweden Henrik Rydgård mwaka 2012, huiwezesha simu ya Android kuendesha gemu za PSP. Juu ya msingi huo, mafundi wa kujitolea wa Brazil, Indonesia na kwingineko hubadilisha jezi, majina, nyuso na viwanja kila msimu. Kati ya kazi yao na mchezaji wa kata ya Kashaulili au Nsemulwa, Mpanda, anasimama mtu mmoja, yaani mtengeneza maudhui wa Kiswahili mwenye chaneli yake ya YouTube. Uhusiano wake na mashabiki ndio mada ya toleo hili.

Katavi, mkoa wa Mpanda, inafaa kuwa mahali pa kuanzia. Mkoa huu uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 ulikuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huo. Sensa ya 2022 ikakuta watu 1,152,958. Idadi iliyozidi maradufu ndani ya miaka 10 ina watoto na vijana wengi, na vijana hao walikua katika mkoa ambao kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa na kutegemea jenereta za dizeli. Kibanda cha PlayStation kinahitaji umeme na televisheni; umeme ukikatika, mechi imekufa na hela ya aliyelipa inaanza kubishaniwa. Simu yenye chaji inaendelea. Lakini eFootball, gemu iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, hudai intaneti isiyokatika na masasisho yanayomaliza bando. Ndiyo maana gemu isiyohitaji intaneti imetawala. Hupakuliwa mara moja na mwenye bando, kisha wenzake wa mtaa mzima hurushiana kwa programu ya Xender bila kutumia hata MB moja.

Kazi ya mtengeneza maudhui inaanzia hapo. Video yake haimwonyeshi yeye akicheza kwa ustadi. Inaonyesha kioo cha simu: fungua ZArchiver, programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, bonyeza faili, toa, hamisha folda ya picha kwenye folda ya PSP, rudi kwenye programu, badilisha mpangilio wa michoro ili gemu isigande. Maswali ya mashabiki yanafanana na ya mteja kwa fundi. Ni MB ngapi? Simu ya RAM 2 inabeba? Mbona kioo kimekuwa cheusi? Dirisha la usajili likifunguliwa, maswali yanageuka madai: Simba imemsajili fulani, Yanga imemuuza fulani, kwa nini kikosi hakijabadilishwa? Ligi Kuu ya Tanzania haimo katika gemu za EA wala Konami, na hakuna kampuni kati ya hizo mbili iliyotia utangazaji wa Kiswahili. Jezi za Simba na Yanga ndani ya Dream League Soccer, gemu ya kampuni ya Kiingereza ya First Touch, zimewekwa na mashabiki wanaochora picha ya pikseli 512 kwa 512 na kugawa linki yake. Sauti ya mtangazaji wa Kiswahili inayosikika katika baadhi ya matoleo ya PES na FIFA 16 ya simu imepandikizwa na mashabiki vilevile.

Kuna hoja inayorudiwa mno kwamba watu hawa si watengenezaji wa chochote: wanachukua cha wengine, wanakipa jina jipya, wanakula matangazo. Hoja hiyo imejibiwa nusu tu katika makala za toleo hili, na inastahili kujibiwa kikamilifu.

Wanaoisema wamemsahau Lufufu. Kapteni Mukandala, aliyejulikana nchini kote kwa jina hilo, hakutengeneza filamu. Alichukua filamu za kigeni, akaweka sauti yake juu ya kanda, akazisimulia kwa Kiswahili, na vibanda vya video vikajaa watu waliokuja kumsikiliza yeye kama walivyokuja kumtazama mwigizaji. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, alimpa nafasi katika kitabu chake cha 2015, *African Appropriations*, pamoja na DJ Mark aliyefanya kazi hiyo hiyo Dar es Salaam. Uganda kazi hii ina jina lake, VJ, na filamu ya *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 imejulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake. Kenya yupo DJ Afro. Msimulizi wa aina hii hafasiri neno kwa neno. Anaongeza maelezo pale ambapo mtazamaji atapotea, anampa mhusika jina linalokaa mdomoni, anakemea ujinga wa jambazi, anakumbusha kilichotokea mwanzo. Thamani ya kazi yake imo katika umbali anaoufupisha kati ya kitu cha mbali na mtu aliyekaa kwenye benchi.

Mtengeneza maudhui wa gemu wa Kiswahili ni wa ukoo huo. Anapoeleza kwa Kiswahili chepesi namna ya kupanga kikosi katika gemu yenye menyu za Kireno, anafanya kazi ya Lufufu. Anapobana faili la gigabaiti likawa la megabaiti mia chache, akiondoa sauti za utangazaji wa lugha ambazo hakuna anayezihitaji Katavi, anafanya uhariri, na uhariri mgumu. Kumwita mwizi wa maudhui bila kutazama kazi hiyo ni kukosa kuelewa historia ya utamaduni wa kutazama na kucheza katika Afrika Mashariki, historia iliyoanza muda mrefu kabla ya mtandao wa Twitch wa kurusha gemu mubashara kuzaliwa mwaka 2011.

Kwa sababu hiyo hiyo, nadharia inayopendwa na vyuo vikuu kuhusu watu wa mtandaoni na mashabiki wao inafaa hapa kwa kiasi kidogo. Horton na Wohl waliandika mwaka 1956 juu ya urafiki wa upande mmoja: mtazamaji wa televisheni anadhani anamjua mtangazaji, mtangazaji hamjui. Nadharia hiyo inamweleza vizuri kijana wa Marekani anayemtumia mchezaji maarufu dola ili jina lake litajwe hewani. Haimwelezi kijana wa kata ya Makanyagio, Mpanda, anayeandika "bro, imekataa kwenye Tecno" na kujibiwa kesho yake kwa video mpya. Huyo hatafuti urafiki. Anataka gemu ifunguke, na mtengeneza maudhui akishindwa anahamia chaneli nyingine siku hiyo hiyo. Ni uhusiano wa kazi, wenye haki na wajibu kwa pande zote mbili, na kwa kuwa ni wa kazi unaweza kuhukumiwa.

Hukumu yenyewe si nyepesi kwa watengenezaji maudhui. YouTube haimlipi mtu kutokana na matangazo mpaka awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au idadi kubwa ya watazamaji wa video fupi. Masharti hayo yamezaa desturi mbaya. Faili hufungwa kwa nenosiri, na nenosiri hufichwa mahali fulani katikati ya video ndefu ili shabiki alazimike kuitazama yote. Linki hupitishwa kwenye kurasa 2 au 3 za matangazo zenye vitufe vya uongo vya kupakulia. Kijana aliyenunua bando la siku analimaliza akitafuta herufi sita, au anapakua faili lisilo gemu. Gharama yote ya kuikuza chaneli imebebwa na mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika mnyororo huo. Lufufu alilipwa na aliyenunua kanda au aliyeingia kibandani, na kila mtu alijua analipia nini. Nenosiri lililofichwa ni malipo yanayochukuliwa bila kutajwa.

Kosa la pili ni kufuta majina. Faili hutoka kwa fundi wa mbali likiwa na jina lake kwenye ukurasa wa kufungulia. Linafika Tanzania jina limebanduliwa na nembo ya chaneli imebandikwa. Hapa ndipo wanaolalamika wana haki. Ukoo wa wasimulizi haumpi mtu ruhusa ya kujifanya mtunzi: waliomsikiliza Lufufu walijua kwamba filamu ni ya wengine na sauti ni yake. Haki za Konami na EA ni suala la sheria ambalo mafundi wote hawa, wa huku na wa kule, wanaishi nalo kwa kuvumiliwa. Haki ya fundi kwa fundi mwenzake haihitaji mahakama. Inahitaji mstari mmoja wa maelezo chini ya video.

Mfano bora wa uhusiano mzuri hautoki kwenye mpira. Unatoka kwenye mabasi. Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa na Maleo mwaka 2017, inamruhusu mchezaji kuweka rangi na hata magari ya kutengeneza mwenyewe, na mashabiki wa mabasi wa Tanzania wameichukua kwa mapenzi makubwa. Ramani ni ya Indonesia, lakini basi linalopita humo lina rangi zinazotambulika stendi ya Mpanda. Hili lina uzito wa pekee kwa mkoa ambao mtu alizoea kuufikia kwa treni ya Tabora kupitia Kaliua, au kwa barabara iliyokuwa mateso wakati wa masika, kabla ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda. Katika kundi hili mwenye kuchora rangi hutajwa, aliyeunda umbo la basi hutajwa, na shabiki anayeona taa za nyuma si za muundo ule husema na kusikilizwa. Makala ndefu kuliko zote katika toleo hili inahusu mabasi hayo, na isomwe kwanza.

Kati ya makala nyingine, ile ya sheria inapitia Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za 2018, ambazo ada zake za mwaka wa kwanza zilizidi shilingi milioni 2, na zile za 2020 zilizozifuata. Inaonyesha kwa usahihi kwamba kanuni hizo ziliandikwa zikifikiria habari na siasa. Makala ya kodi inafafanua zuio la asilimia 5 kwa malipo ya watengenezaji maudhui lililoletwa na Sheria ya Fedha ya 2024. Nyingine inamjadili Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, aliyesajiliwa na timu ya kigeni ya UYU mwaka 2018 kwa ustadi wake katika gemu ya mapigano ya Tekken. Ni mfano mzuri wa mchezaji wa mashindano, ingawa mchezaji wa mashindano na mtengeneza maudhui ni watu wawili tofauti, na makala hiyo inawachanganya.

Makala ya vibanda vya PlayStation inasema simu imeviua. Hilo halikubaliki. Kibanda kimebaki mahali ambapo gemu iliyopakuliwa hujaribiwa mbele ya watu, mshindi anabaki na pedi, na sifa ya chaneli fulani hujengwa au kubomolewa kwa mdomo kabla ya kuonekana kwenye idadi ya wafuasi.

Watengenezaji maudhui wanaosoma toleo hili wanaombwa mambo matatu: waandike nenosiri wazi chini ya video, wataje ukubwa wa faili kabla ya linki, na wamtaje fundi aliyelitengeneza. Wachezaji wa halmashauri nyingine za Katavi, yaani Mlele, Nsimbo, Mpimbwe na Tanganyika, nao wanakaribishwa kuandika kwa ajili ya toleo lijalo, wakieleza gemu wanazocheza, jinsi zinavyowafikia, na kile wanacholipa ili kuzipata.