Acheni udongo kidogo kwa ajili ya ndege

Ukisimama Kadutu asubuhi na kutazama upande wa ziwa, unaona mabati. Mabati na simenti, parseli juu ya parseli. Ndege anayepita hapo hana pa kutua isipokuwa kwenye waya wa umeme.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tangu M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, wakaaji wanatafuta chakula na usalama. Nani ana wakati wa ndege? Ndiyo maana hatuombi mtu atoe hata franga moja. Tunaomba tu kwamba anayejenga asimwage simenti parseli nzima. Aache udongo kando ya ukuta, hata upana wa meta moja.

Hapo mgomba mmoja unatosha kuanza. Ua lake lina maji matamu, na ndege wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda hulifuata tangu alfajiri. Kuna dume mmoja kati yao mwenye mkia mrefu, mweusi, lakini juani anang'aa kama shaba. Watoto wakimwona leo, kesho watamngoja.

Lengalenga nayo usiing'oe yote. Acha mashina mawili matatu yakomae: ndege wala mbegu watakuja, nawe utabaki na mbegu za kupanda. Mpera na mpapai vitaleta wale wenye kishungi na mkia mrefu wanaotembea kwa kundi. Watakula mapapai, ndiyo. Yale ya juu kabisa, ambayo hata wewe hukuyafikia.

Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua inapokatika, weka beseni la zamani juu ya jiwe, maji kina cha vidole viwili. Uyabadilishe kila siku mbili, maana mayai ya mbu yanahitaji karibu wiki moja kuwa mbu, na malaria tunayo ya kutosha. Zaidi ya hapo, usifanye kitu. Usichome majani makavu. Humo wanaishi wadudu ambao ndege wanakula. Ila manati ya watoto yafichwe.

Wengine watasema ndege wabaki Kahuzi-Biega. Mbuga hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1970, iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1997, na sehemu ya makala tunayopikia hapa mjini inatoka humo humo.

Tena kuna mvua. Kwenye milima yetu, maji yanayoteleza juu ya simenti yako hayapotei. Yanashuka kwa jirani wa chini na kula msingi wa nyumba yake. Udongo wenye mizizi unakunywa sehemu ya maji hayo. Wanaotoa ruhusa za kujenga wanalijua hili kuliko sisi. Waiandike hiyo meta moja kwenye karatasi ya ruhusa, kabla mvua za Septemba hazijarudi.